Mstari Ambao Hatukuufikia

Nilimwahidi mama kwamba nikiandika habari za mtu huyu sitalitaja jina lake, wala sitamtukana. Aliniomba ahadi hiyo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba anachoishi sasa kule Soin, mwiko mkononi. "Na uanze na mazuri yake," akaongeza. "Watu wasije wakasema tunamsema kwa sababu tunamchukia." Nilimwuliza kama kweli hamchukii. Alirudi ndani kusonga ugali, nami nikalichukua hilo kuwa jibu.

Nitamwita Karani, kwa kuwa ndivyo kila mtu alivyomwita, hata mke wake. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa kituo cha kununulia chai kijijini kwetu, katika vilima vya upande wa Kericho. Kituo chenyewe kilikuwa banda la mabati lenye nguzo za mkaratusi, mizani ya kuning'inia na meza ndefu ya mbao. Asubuhi za kuchuma, akina mama walimwaga majani yao juu ya meza hiyo, naye akapitisha vidole ndani yake taratibu, akitafuta majani yaliyokomaa na vijiti vilivyofichwa chini. Majani mawili na chipukizi: zaidi ya hapo hakupokea. Vidole vyake vilikuwa vimeingia weusi wa utomvu wa chai, weusi ambao haukutoka hata alipovinawa kwa ajili ya kugawa meza ya Bwana. Alikuwa mzee wa kanisa pia, na kwa hilo alijivuna kidogo, ingawa yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukuambia kwamba anajivuna, na kukueleza tangu lini.

Jumapili alasiri, siku ambayo lori la kiwandani haliji, banda hilo lilikuwa darasa lake. Tuliketi juu ya magunia yaliyokunjwa, watu kumi au kumi na wawili, Biblia zetu zikiwa juu ya meza ya majani. Tulisoma Zaburi moja tu, ile ya mia na thelathini na tisa, ambamo mwimbaji anakiri kwamba Mungu anajua akaapo na aondokapo, kwamba hakuna mahali anapoweza kumkimbia, na kwamba giza kwake ni sawa na mchana. Karani alituhimiza tuisome kama mtu anavyoingia katika nyumba yake mwenyewe akiwa na taa, chumba baada ya chumba. Tulichukua mstari mmoja kwa juma. Aliusoma mara moja, kisha tukanyamaza kwa muda mrefu kiasi cha kusikia mabati yakilia kwa jua. Halafu akauliza.

Hakuuliza mstari unamaanisha nini. Mtu akianza kueleza maana, alimkatiza kwa mkono. "Usiniambie umesema nini. Niambie umekugusa wapi." Na alitaka uonyeshe kwa kidole, mwilini mwako. Kifuani, tumboni, kooni, mabegani. Aliamini kwamba roho haina namna ya kusema isipokuwa kwa kupitia nyama, na kwamba watu wengi husali miaka arobaini bila kujua kuwa wanaogopa. "Tumbo ni hofu," alisema. "Koo ni neno ulilomeza. Mabega ni kazi ambayo hukuitwa kuifanya." Nimesoma chuoni vitabu vya watu walioandika mambo kama hayo kwa maneno marefu zaidi. Sikukuta hata kimoja kilichonifaa kuliko yale niliyoyasikia juu ya gunia.

Sidai kwamba darasa hilo lilikuwa la huzuni. Palikuwa na mama mmoja mjane, mchumaji hodari mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, aliyekuwa hamwachi Karani apumue.

"Karani, juzi umekataa majani yangu. Leo unataka kuchambua na roho?"

"Roho yako ina vijiti vingi, mama."

"Basi iweke kando uniletee gunia nirudi nayo nyumbani!"

Tukacheka, naye Karani akacheka, kicheko chake cha puani ambacho kilionekana kumshangaza yeye mwenyewe. Kisha mama yule akaweka kidole kifuani, upande wa kushoto, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Hapa. Nilimwonea wivu mke wa shemeji yangu mpaka akafa." Hakuna aliyemtazama. Karani aliitika kwa kichwa tu, akafungua ukurasa, na siku iliyofuata mjane yule alikwenda kwa watoto wa marehemu na mtungi wa maziwa. Hilo lilitokana na darasa la Karani. Nililiona kwa macho yangu, na ahadi yangu kwa mama inanilazimu kuliandika.

Inanilazimu pia kuandika yaliyonipata mimi. Mwaka wangu wa pili chuoni nilikuwa na insha niliyopaswa kuiwasilisha, na mwenzangu alinipa yake ya mwaka uliotangulia ili niibadilishe maneno. Nilikuwa nimekwisha kuketi nayo. Nikajiuliza, kwa mazoea ya banda la chai, inanigusa wapi. Nikakuta tumbo limekazana kama ngumi. Nikamrudishia karatasi zake na kuandika yangu, mbaya, iliyopata alama za chini. Nilimsimulia Karani nilipokuja likizo. Hakunisifu. Aliniuliza kama baada ya hapo sikujiona bora kuliko mwenzangu. Nilijiona, na alijua.

Mtu akidhani kwamba Karani alikuwa laini, hakuwahi kupeleka majani kwake. Kuna asubuhi moja alipokataa kapu zima la mke wake mbele ya kijiji. Mke alikuwa amechuma kwa haraka kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa, na majani yake yalikuwa yamekomaa. Karani aliyapitia, akayasukuma kando, akaita anayefuata. Jioni hiyo alimwandalia mumewe ugali mtupu, bila mboga, bila hata chumvi.

"Mboga iko wapi?"

"Si unapenda ukweli? Kula huo."

Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia kisa hicho, juu ya meza ya Zaburi, akionyesha mahali kilipomgusa. Alisema alipomkatalia mkewe majani alihisi fahari mabegani, fahari ya kuonekana mwenye haki, na kwamba fahari hiyo ilikuwa dhambi kubwa kuliko majani mabovu. Tulimstahi sana siku hiyo. Leo ninapokikumbuka nakiona kwa namna nyingine. Aliungama fahari yake mbele yetu sote, na wala hakwenda kumwomba mkewe radhi. Kuungama kulikuwa kumemtosha. Nilikuwa mdogo, na sikujua kwamba mtu anaweza kushiba kwa kujieleza.

Ng'ombe wake naye alikuwa funzo ambalo tulilichukua kuwa mzaha. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa aliyepata uvimbe wa kiwele, na daktari wa mifugo akamshauri amuuze mapema kwa mwenye bucha, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeenea. Karani alitaka kwanza kujua kama anauza kwa busara au kwa tamaa. Akalichunguza hilo juma zima. Akafunga siku mbili. Siku ya tatu mkewe alitoka zizini na ndoo tupu, akasimama mbele ya mumewe, aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Ng'ombe amekufa," akasema. "Nia yako iko aje?"

Kijiji kizima kilicheka kwa miezi. Watoto waliulizana hivyo njiani. Mimi pia nilicheka.

Sasa nifike mahali ambapo mama aliniomba nisitukane.

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Nalisema bila kuinama, kwa sababu miongoni mwa Wakipsigis ni desturi ya zamani inayojulikana: mwanamke aliyefiwa na mumewe bila kupata mtoto wa kiume huweza kumwoa msichana kwa mahari, kwa ng'ombe, kwa wazee kukaa na kukubaliana, na watoto wa msichana huyo huwa watoto wa nyumba ile, wenye jina na urithi wa marehemu. Bibi mzee aliyemwoa mama nilimwita kogo, yaani nyanya. Alikuwa mkali, mwenye kuvuta ugoro, na alinipenda kwa namna ya kunisukumia bakuli lake la mursik, maziwa yetu ya mgando, akiwa ameangalia pembeni. Mimi ni mtoto wa nyumba hiyo. Sina nyumba nyingine.

Karani alikuwepo. Wakati huo hakuwa mzee wa kanisa, alikuwa jirani kijana mwenye miguu mizuri, naye ndiye aliyewaswaga ng'ombe wa mahari kwa miguu kutoka kwetu hadi kwa wazazi wa mama kule Boito. Alikuwepo pia siku ya harusi yenyewe, nyasi zilipofungwa kwenye mikono ya kogo na ya mama, kama zinavyofungwa kwa bwana na bibi harusi yeyote. Hili sikulisikia kwa mama tu. Yeye mwenyewe alinisimulia nikiwa shule ya msingi, akisubiri lori, siku alipokuwa na furaha. "Siku tulipomleta huku, mama yako alilia njia nzima," akasema. "Tulipofika mtoni ndama tuliyepewa kwao akanivuta nikaanguka majini na koti langu la kuazima. Akacheka! Bibi harusi! Nikamwambia, haya, cheka, hayo ndiyo mahari yako ya mwisho."

Kogo alipofariki, wana wa ndugu za mumewe walikuja kabla matanga hayajaisha. Walisema marehemu hakuwa na mke wala mjukuu. Walisema mama yangu aliajiriwa kukamua ng'ombe na kuchuma chai, akazoea, akajisahau. Kesi ikafika mahakamani Kericho. Ndoa za namna hiyo hazina cheti. Zina watu waliokuwepo. Wazee waliokaa siku ile walikuwa wamekufa karibu wote, na waliobaki walikuwa wa ukoo ule ule ulioshtaki. Mwanasheria akamwambia mama kwamba shahidi mmoja mwenye heshima, asiye wa ukoo, angetosha kuigeuza kesi. Mama hakuhitaji kufikiri.

Nilikuwa naye asubuhi alipomwendea. Alisubiri foleni iishe, akatua kapu lake, akasimama ng'ambo ya meza ya majani.

"Karani, unajua kilichonileta."

"Najua, Mama Kiprono."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Alikuwa akipangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. "Nipe muda nijitazame."

Mama alimpa muda. Alimpa majuma matatu, na kila alipopeleka majani hakuuliza, kwa heshima. Juma la nne Karani mwenyewe alimwita kando. Alisema amejichunguza mbele za Mungu kwa uaminifu na ameona kwamba nia yake haijatakata. Akisimama mahakamani, alisema, atasimama kwa kutaka kuonekana shujaa, au kwa hasira juu ya wale vijana wa ukoo ambao waliwahi kumdharau, na ushahidi unaotoka katika moyo mchafu unaweza kumharibia hata yule unaomtetea. Alizungumza kwa upole mwingi. Macho yake yalikuwa na machozi, nami sina shaka kwamba machozi hayo yalikuwa ya kweli.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Simama nayo hivyo hivyo ilivyo, Karani. Mimi sihitaji nia yako. Nahitaji mdomo wako."

Akaahidi kuomba zaidi.

Kulikuwa na jambo ambalo hakulitaja, nalo kila mtu alilijua. Kanisa letu huiona ndoa ya wanawake wawili kuwa upagani. Mzee wa kanisa ambaye angeapa mbele ya hakimu kwamba aliwaswaga ng'ombe wa harusi kama hiyo, kwamba alikula na kunywa na kucheza, angeitwa kwenye kikao Jumapili iliyofuata. Pengine angeondolewa uzee wake. Pengine wasingemwondoa, wangemkaripia tu mbele ya vijana. Sijui. Najua tu kwamba hilo lilikuwa mezani na halikuchambuliwa.

Siku ya kusikilizwa, mama alivaa gauni lake la kitenge na viatu vya kuazima. Jina la Karani liliitwa mlangoni mara tatu. Mwanasheria akatoka nje kuangalia barabarani, akarudi akitikisa kichwa. Jioni tulipofika nyumbani tukaambiwa kwamba Karani alikuwa amejifungia chumbani tangu alfajiri, amefunga, hanywi hata maji, anaisoma Zaburi. Aliyetuambia alitarajia tufarijike.

Hukumu ilisomwa baadaye. Ilimwita mama mtumishi wa nyumbani. Tulipewa muda wa kuhama, na mama akaenda kwa dada yake Soin, mahali pa joto na mahindi, ambapo hakuna hata shina moja la chai. Mwanamke aliyeamka miaka ishirini kwenda kwenye baridi na ukungu wa shamba lake sasa analala na mlango wazi kwa sababu ya joto. Huwa nampeleka dawa ya vidole vyake, ambavyo vimeanza kukakamaa kwa kukosa kazi. Hasemi juu ya shamba. Analosema, mara moja moja, ni lile neno. "Mtumishi," anasema, akikunja nguo. "Mimi."

Kabla hatujahama alikwenda darasani mara moja ya mwisho. Watu walishangaa kumwona. Karani alisoma mstari, tukanyamaza, na ilipofika zamu ya mama aliuliza kwa sauti ile ile aliyoitumia kwa kila mtu, "Umekugusa wapi?"

"Haujanigusa," mama akasema. "Umenipita." Akachukua gunia alilokalia, ambalo lilikuwa lake, akatoka nalo.

Nimefikiri sana juu ya Zaburi ile tangu hapo, kwa ghadhabu zaidi kuliko ninavyopenda kukiri. Mistari yake miwili ya mwisho ni sala. Wa kwanza unamwomba Mungu achunguze moyo na kuyajua mawazo. Wa pili unamwomba atazame kama kuna njia mbaya ndani, halafu aongoze katika njia ya milele. Katika miaka yote ya banda lile hatukuufikia huo wa pili hata mara moja. Tulipokuwa tumeufikia ule wa kuchunguzwa, Karani alitusimamisha hapo, mara nyingine kwa miezi, kisha akaturudisha mwanzoni. Nilimwuliza sababu nikiwa kidato cha nne. Alisema, "Hatujawa tayari kuongozwa." Niliona jibu hilo kuwa la unyenyekevu mkubwa, nikaliandika katika daftari langu.

Siku hizi naona kwamba pale ndipo alipokosea, na kwamba kosa lake ni rahisi kwa mtu mwema kuliko kwa mtu mwovu. Mwimbaji anaomba achunguzwe na mwingine, kwa sababu anajua hataweza kujichunguza hadi mwisho. Tena anaomba hivyo akiwa tayari yuko njiani, kwa ajili ya kutembea. Karani aliichukua kazi hiyo mikononi mwake mwenyewe. Alikuwa mshtakiwa, shahidi na hakimu wa moyo wake, na kesi hiyo aliiahirisha kila juma, huku kesi ya mama ikiamuliwa Kericho bila yeye. Alitaka kuchambua hadi pasibaki kijiti. Katika majani alijua kwamba lori lina saa yake, na kwamba majani yaliyokaa mno mezani huungua kwa joto lake lenyewe, hata yawe mazuri namna gani. Katika nafsi yake hakukubali kuwa kuna lori.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba watu waache kujitazama ndani. Mimi mwenyewe ningali ninasoma vile alivyonifundisha, na ninapoandika maneno haya nahisi uzito kooni, nami najua ni nini. Lakini siwezi kumsamehe mtu aliyenionyesha taa kisha akaitumia kuangalia kiganja chake tu, wakati mama yangu alikuwa gizani hatua tatu kutoka kwake. Huenda siku moja nitaweza. Sijaweza.

Nilimwona kwa mara ya mwisho mwaka huu, Londiani. Alikuwa amestaafu na kuhamia kwa binti yake, ambaye ana shamba la viazi na ng'ombe wawili karibu na msitu. Nilikwenda kwa sababu jambo jipya limetokea: mwanasheria mwingine ameiomba mahakama isikilize kesi upya, na imekubali, mradi tupate mtu aliyekuwepo kwenye ndoa. Tumeambiwa hatutapata nafasi ya tatu.

Nilimkuta ghalani, ameketi juu ya kiti kifupi, amevaa kofia ya sufu, anachambua viazi vya mbegu. Vidole vilevile. Vilivyooza alivitupa kwenye ndoo bila kuangalia. Mkewe alikuwa mlangoni, anapasha miguu joto katika jua dogo la Londiani.

"Chamgei, Kiprono," akasema Karani. "Umekuwa mtu mzima. Mama yako?"

"Yuko Soin."

"Joto huko."

"Joto, ndiyo."

Nilimweleza kuhusu kesi. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliokota kiazi, akakigeuza, akakirudisha alipokitoa.

"Mwambie, mzee," mkewe akasema bila kugeuka. "Mtoto ametoka mbali. Usimpe Zaburi."

Karani akapangusa mikono kwenye suruali. Kisha akaweka kiganja chake tumboni, kama alivyotufundisha.

"Niliona siku ile ile," akasema. "Mama yako akiwa bado amesimama pale mezani. Ilikuwa hofu. Niliogopa kikao cha kanisa. Niliogopa kuulizwa nilikuwa natafuta nini kwenye harusi ile. Haikunichukua hata dakika kuiona."

"Ukasema unahitaji muda."

"Nilisema hivyo."

"Na majuma yale yote? Na kufunga?"

"Niliendelea kuitazama," akasema. "Nilidhani nikiitazama sana itaondoka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi kumthibitishia jambo ambalo yeye alilijua kabla yangu. Nikauliza lile nililoendea. "Sasa utakuja Kericho? Useme tu ulichoona. Ng'ombe, mto, nyasi mkononi. Hakuna anayetaka zaidi ya hayo."

Aliangalia viazi vyake. Mdomo wake ulifunguka, na kwa muda mfupi niliamini.

"Niombee, kijana wangu," akasema.

"La, mzee. Hilo sitaliomba. Nitakungoja mlangoni pa mahakama."

Akaitika kwa kichwa, polepole, kama alivyokuwa akiitika mtu alipoonyesha kidole kifuani, na mkono wake ukarudi kwenye viazi.

Mkewe alinisindikiza hadi barabarani. Alitembea kwa shida, akijishikilia kwenye ua. Nilimwambia arudi, baridi isimwingie, lakini hakurudi mpaka gari lilipoonekana kwenye kona.

"Kiprono," akasema, "usimngoje."

Kwa hiyo nakugeukia wewe unayesoma. Siku mama alipoolewa, wazee wanasema, ua wa Boito ulijaa watu mpaka wengine wakasimama nje ya lango. Palikuwa na wasichana waliokuja kucheka na kuimba, akina mama waliopika, vijana waliochinja, majirani waliopita njia tu wakaitwa kula. Wengi wenu mngali hai, na umri wenu haujafika mbali. Kama ulikuwepo ukaona wanawake wawili wakifungwa nyasi mikononi katika ua ule, au kama mzazi wako alikuwepo na angali anaweza kusema, tafadhali njoo Kericho siku ya kusikilizwa, au mwulizie mama yangu pale sokoni Soin, anauza mahindi karibu na kinu, na umwambie kwamba ulimwona.